UVUMI, KANUSHO NA UKWELI: FUNZO LA KOMPYUTA ZA MWAKA 2000



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu wapenzi, tunaomba tuanze makala haya kwa kukiri kosa letu wenyewe.

Mwaka uliopita ujumbe mmoja ulipita katika simu za walimu na wazazi wa madrasa yetu. Ulisema kwamba aina fulani ya biskuti, ambazo watoto wetu huzinunua duka la jirani wakati wa mapumziko, zina mafuta ya nguruwe. Ujumbe haukuwa na jina la mwandishi wala tarehe. Mwisho wake ulituhimiza tuusambaze kwa kila Muislamu, na kwamba atakayeuficha ana dhima. Sisi walimu tuliusoma, tukashtuka, tukausambaza. Kabla ya adhuhuri ulikuwa umefika mtaa wa tatu.

Siku chache baadaye mwenye duka, mzee wetu tunayeswali naye safu moja, alikuja madrasa na pakiti ya biskuti mkononi. Akauliza swali moja tu: "Walimu wangu, nani kati yenu aliyethibitisha?" Hakuna aliyejibu. Watu wengi walikuwa wameacha kununua kwake, si biskuti tu, bali hata sukari na mchele.

Kiwanda kilipokanusha, baadhi yetu tukasema: "Kiwanda kitasema nini? Ni lazima kikanushe." Basi tukajikuta tumekwama kati ya mambo mawili. Uvumi tuliuamini bila ushahidi, na kanusho tukalikataa bila ushahidi.

Kwa sababu hiyo tumeona mwaka huu tuwaletee kisa kikubwa zaidi cha aina hii, kilichotokea kabla wengi wenu hamjazaliwa: hofu ya kompyuta ya mwaka 2000, iliyojulikana kwa jina la Y2K. Tumekichagua kwa kuwa hesabu yake imeshafungwa. Leo tunaweza kuangalia nani alisema nini, kisha nini kikatokea.

TATIZO LENYEWE LILIKUWA NINI?

Katika miaka ya 1960 kompyuta zilikuwa mashine kubwa za kujaa chumba, na nafasi ya kuhifadhi kumbukumbu ndani yake ilikuwa ghali mno. Taarifa nyingi ziliandikwa kwenye kadi za karatasi ngumu zilizotobolewa matundu, na kadi moja ilikuwa na safu 80 tu. Humo paingie jina la mtu, namba yake, mshahara wake na tarehe yake ya kuzaliwa. Waandishi wa programu wakaona ni busara kubana matumizi. Badala ya kuandika 1965, waliandika 65. Kila mtu alijua kuwa 19 iko mbele yake.

Mwanafunzi, chukua kalamu tufanye hesabu pamoja. Mtu aliyezaliwa mwaka 1965 ana umri gani mwaka 1999? Kompyuta inachukua 99, inatoa 65, inapata 34. Sawa sawa. Je, mwaka 2000? Kompyuta inachukua 00, inatoa 65, inapata 65 pungufu ya sifuri. Sasa mtu huyu ana miaka 65 kabla ya kuzaliwa! Programu nyingine ingeisoma 00 kuwa ni mwaka 1900. Mkopo wa benki, pensheni, dawa ya hospitali yenye tarehe ya mwisho wa matumizi, tiketi ya ndege, vyote hivi huhesabiwa kwa tarehe.

Kulikuwa na mtego wa pili. Mwaka 1900 haukuwa mwaka mrefu, yaani Februari yake ilikuwa na siku 28. Lakini mwaka 2000 ulikuwa mrefu, kwa sababu unagawanyika kwa 400, na Februari yake ilikuwa na siku 29. Mwandishi wa programu aliyejua kanuni nusu tu angekosea hapo pia.

Wataalamu walionya mapema. Mmarekani Bob Bemer alianza kulisema jambo hili katika miaka ya 1970, na wachache wakamsikiliza. Mwaka 1993 mtaalamu wa Kanada, Peter de Jager, aliandika makala yenye kutisha katika gazeti la Computerworld, na hapo wakubwa wa makampuni wakaanza kuamka. Kwa hiyo tukumbuke jambo la kwanza: msingi wa habari hii ulikuwa kweli. Kosa lilikuwapo, na kila aliyetaka kuliona angeliona kwa kufanya hesabu kama tuliyofanya sasa hivi.

UVUMI ULIVYOENEA

Habari ya kweli ikikosa maelezo kamili, uvumi huota juu yake kama magugu. Miaka ya 1998 na 1999 ndiyo miaka ambayo barua pepe na intaneti zilikuwa zinaingia majumbani kwa wingi, hasa Marekani na Ulaya. Mtu mmoja aliweza kutuma onyo kwa watu hamsini kwa kubonyeza mara moja. Yakasemwa mengi: kwamba lifti zitasimama katikati ya ghorofa, magari yatazimika barabarani, ndege zitaanguka, umeme na maji vitakatika, na fedha zilizo benki zitafutika.

Hawa hawakuwa watu wajinga wote. Mchumi maarufu wa Marekani, Ed Yardeni, alisema kuna uwezekano wa asilimia 70 wa uchumi wa dunia kuingia katika mdororo. Mwandishi Gary North alikusanya kila habari ya kutisha aliyoipata na kuwaambia wasomaji wake kwamba mfumo mzima wa maisha ya mijini utavunjika. Kuna familia zilizonunua jenereta, mapipa ya maji na vyakula vya makopo vya miezi kadhaa.

Uvumi mmoja ulitaja hata siku: tarehe 9 Septemba 1999. Ilidaiwa kwamba kwa kuwa baadhi ya programu za zamani zilitumia tarakimu 9 mfululizo kama alama ya mwisho wa kazi, siku hiyo ya 9/9/99 kompyuta zingedhani kazi imekwisha na kujifunga. Siku ikafika, ikapita kimya.

Tuutazame kwa makini uvumi mwingine, kwa sababu una mafunzo. Mwaka 1999 ilizunguka barua pepe iliyosema kwamba kila kompyuta yenye Windows itaharibika tarehe 1 Januari 2000, isipokuwa mwenyewe afungue sehemu ya mipangilio ya tarehe na kubadilisha mwaka wa tarakimu mbili uwe wa tarakimu nne. Maelekezo yalikuwa sahihi: mtu akiyafuata, aliona kweli tarakimu mbili pale, na akiweza kuzibadilisha alifurahi kuwa ameokoka. Lakini mpangilio ule ulihusu namna tarehe inavyoonyeshwa kwenye kioo tu. Haukugusa namna kompyuta inavyohesabu ndani. Ni sawa na mtu anayepaka rangi uso wa saa ya ukutani akidhani ametengeneza mashine yake. Hatari yake haikuwa ndogo, kwa kuwa aliyefanya hivyo alijiona salama, naye hakutafuta marekebisho ya kweli yaliyohitajika.

Na wezi nao hawakulala. Mnamo Septemba 1999 ilitumwa barua pepe iliyojifanya imetoka Microsoft, ikiwa na programu ya kuhesabu siku zilizobaki kufika mwaka 2000. Aliyeifungua aliingiza katika kompyuta yake programu ya kuiba nywila. Hofu ya watu iligeuzwa kuwa mlango wa kuibiwa.

MAKAMPUNI YALIJIBU NINI?

Hapa ndipo penye uzito. Tumezoea kusema kwamba kampuni ikikanusha basi inaficha. Katika kisa hiki tunaona makanusho ya aina nyingi, na hayafanani.

Kwanza, kuna makanusho yaliyokuwa ya kweli. Watengenezaji wa lifti na wa magari walieleza kwamba mashine zao haziangalii mwaka ili zifanye kazi. Lifti inahitaji kujua ghorofa gani imeitwa, haihitaji kujua karne. Microsoft nayo ilipoonya kwamba haitumi programu kwa barua pepe, ilisema kweli, na aliyeisikiliza alisalimika.

Pili, kuna kimya. Makampuni mengi ya Marekani yalipoulizwa na wateja, yalijibu kwa barua fupi zilizoandikwa na wanasheria, zisizosema ndiyo wala hapana. Sababu yake haikuwa lazima uovu. Waliogopa kwamba wakisema "tuko tayari" kisha kitu kikaharibika, watashitakiwa. Na wakisema "hatuko tayari", wateja watakimbia. Lakini kimya hicho kiliwapa wavumi nafasi. Hatimaye tarehe 19 Oktoba 1998 Rais Bill Clinton alitia saini sheria iliyoyapa makampuni kinga, ili taarifa watakazotoa kwa nia njema kuhusu maandalizi yao zisitumiwe dhidi yao mahakamani. Mwenye kusema uongo kwa makusudi hakupewa kinga hiyo. Ni jambo la kuzingatia: ilibidi itungwe sheria ili watu wasiogope kusema ukweli.

Tatu, kuna maneno yaliyokuwa ya kweli kwa sehemu. Makampuni ya programu yalitangaza kuwa bidhaa zao hazina tatizo, kisha yakatoa marekebisho. Microsoft yenyewe ilitoa marekebisho ya mwaka 2000 kwa ajili ya Windows 95 na Windows 98. Aliyesema "Windows zote zitakufa" alikosea, na aliyesema "hakuna kitu kabisa" naye alikosea.

Nne, kuna waliojibu kwa vitendo. Jane Garvey, mkuu wa mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, alisema kwamba usiku wa mwaka mpya yeye mwenyewe atakuwa ndani ya ndege. Na kweli alipanda. Mwenye kuhatarisha nafsi yake juu ya neno lake hufaa kusikilizwa zaidi ya mwenye kutoa tangazo tu.

Serikali nazo zilihofia jambo moja zaidi, nalo ni uvumi wenyewe. Benki inaweza kuwa na kompyuta nzima kabisa, lakini watu wote wakienda siku moja kutoa fedha zao kwa hofu, benki hiyo itakwama. Kwa ajili hiyo Benki Kuu ya Marekani iliongeza akiba ya noti kwa dola bilioni 50, ikiwa ni tahadhari. Yaani uongo ukisambaa vya kutosha, unaweza kuleta balaa lile lile ulilolitabiri.

USIKU WENYEWE

Tarehe 31 Desemba 1999 ilikuwa siku ya Ijumaa, katika mwezi wa Ramadhani mwaka 1420 Hijria, kumi la mwisho likiwa limeshaanza. New Zealand ni miongoni mwa nchi zilizoingia mwaka mpya mwanzo, na kwa saa za Afrika Mashariki ilikuwa saa 8 mchana. Wazee wetu walikuwa wametoka kuswali Ijumaa, wana saumu zao, huku upande ule wa dunia kompyuta zikigeuza tarehe. Taa za New Zealand hazikuzimika. Ikafuata Australia, ikafuata Japani, ikafuata Asia yote, kisha Afrika na Ulaya, mwisho Amerika. Ndege hazikuanguka.

Hata hivyo si kweli kwamba hapakutokea kitu. Uingereza, siku chache kabla ya mwaka kwisha, mashine zipatazo 10,000 za kulipia kwa kadi zilikataa kazi, kwa sababu zilikuwa zikitazama tarehe za siku nne mbele. Wenye maduka wakarudi kwenye karatasi. Japani, katika kinu cha nyuklia cha Onagawa, king'ora kililia dakika chache baada ya saa 6 usiku, ingawa hapakuwa na hatari. Tovuti ya taasisi ya Marekani inayotunza saa rasmi, U.S. Naval Observatory, ilionyesha mwaka 19100. Na katika jimbo la New York, mtu aliyerudisha mkanda wa video aliambiwa na kompyuta ya duka kwamba amechelewa miaka 100 na anadaiwa dola 91,250. Mwenye duka alicheka, naye hakumdai.

Lakini mengine hayakuwa ya kuchekesha. Usiku ule ule mitambo ya ardhini ya kupokea habari kutoka satelaiti za kijasusi za Marekani ilikwama. Wizara ya ulinzi ilitangaza kesho yake kwamba ni tatizo la saa chache, kisha baadaye ikakiri kuwa lilikuwa kubwa kuliko ilivyosema mwanzo. Hapa kanusho ndilo lililopotosha.

Na katika mji wa Sheffield, Uingereza, kompyuta ya maabara ya hospitali ilikosea kuhesabu umri wa akina mama wajawazito kuanzia Januari 2000. Umri ule ulitumika kupima uwezekano wa mtoto kuzaliwa na hali ijulikanayo kama Down. Kosa halikugunduliwa mpaka mwezi Mei, na wanawake zaidi ya 150 walikuwa wamepewa majibu yasiyo sahihi. Waliokuwa katika hatari kubwa waliambiwa hawana la kuhofia. Mashine haikulia king'ora wala haikuzimika. Ilitoa jibu la uongo kwa utulivu, na watu wakaliamini.

JE, YOTE YALIKUWA UONGO?

Baada ya Januari 2000 ulizuka uvumi mpya, nao upo mpaka leo: kwamba Y2K ilikuwa uongo mtupu wa makampuni ya kompyuta ili yapate fedha. Huu nao ni uvumi unaohitaji kupimwa.

Ni kweli kwamba fedha nyingi mno zilitumika. Wizara ya Biashara ya Marekani ilikadiria kiasi cha dola bilioni 100 kwa nchi hiyo peke yake. Ni kweli pia kwamba nchi zilizochelewa kujiandaa, kama Italia na Urusi, hazikuangamia. Kwa hiyo waliotabiri maangamizi walizidisha. Lakini kesi ya Sheffield inatuonyesha kilichokuwa kinatokea pale ambapo kosa halikusahihishwa. Mafundi walikaa miaka wakipitia programu mstari kwa mstari, wakirekebisha na kujaribu. Mtu anayeziba paa kabla ya masika haambiwi amepoteza pesa kwa kuwa mvua haikuingia ndani.

TUPIME HABARI KWA MIZANI GANI?

Ndugu wanafunzi, ninyi mnao mizani tayari. Aya ya 6 ya Suratul Hujuraat inatuamrisha kuthibitisha habari kabla ya kuchukua hatua, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Na katika somo la Hadithi mnafundishwa kutazama mambo mawili: sanadi, yaani mlolongo wa wapokezi, na matini, yaani maneno yenyewe. Tuvitumie viwili hivyo katika habari za simu zetu.

1. Sanadi. Nani amesema? Ametajwa jina? Yeye amejuaje? Ile barua pepe ya Windows haikuwa na mwenyewe, na kila aliyeipokea alimwamini rafiki aliyemtumia. Rafiki yako ni mkweli, lakini yeye naye hajui aliyemtumia kaitoa wapi. Mlolongo wa wakweli mia moja hauna faida ikiwa wa mwanzo hajulikani.

2. Matini. Je, maneno yenyewe yanakubali kupimwa? Dai la tarakimu mbili lilipimika kwa kalamu na karatasi, nalo likasimama. Dai kwamba lifti zitaanguka lilianguka lenyewe ulipouliza: lifti ina haja gani na mwaka?

3. Kanusho nalo lipimwe. Tusilikubali kwa sababu limetoka kwa mkubwa, wala tusilikatae kwa sababu hiyo hiyo. Tuulize: limeeleza sababu, au limesema "si kweli" tu? Kuna mtu asiye na maslahi aliyekagua? Anayesema atapoteza nini ikibainika amedanganya?

4. Kimya si ushahidi. Anayenyamaza huenda anaficha, huenda anaogopa, huenda bado anachunguza.

5. Haraka ni dalili. Ujumbe unaokwambia sambaza sasa hivi, usipoteze muda, mara nyingi unaogopa ule muda ambao ungeutumia kuuliza.

HITIMISHO

Turudi kwa mzee wetu wa duka. Baada ya swali lake tulifanya tuliyopaswa kuyafanya mwanzo. Tulisoma viungo vilivyoandikwa kwenye pakiti. Hatukutosheka na kanusho la kiwanda, bali tuliwauliza wanaotoa ithibati ya halali, tukaonyeshwa cheti cha biskuti zile chenye tarehe ambayo haijapita. Kisha tukaenda dukani, tukamwomba mzee msamaha mbele ya wateja wake, na tukatuma masahihisho kwa kila namba tuliyokuwa tumeitumia ujumbe wa kwanza.

Alitusamehe. Lakini masahihisho yetu hayakufika mtaa wa tatu. Watu waliosambaza onyo kwa haraka hawakuona haja ya kusambaza habari kwamba hakuna tatizo, na mpaka tunaandika makala haya wapo wazazi wanaowakataza watoto wao duka lile bila kujua kwa nini.

Basi tunawaomba, wanafunzi na wazazi, mlipeleke jarida hili nyumbani, na yule ambaye bado analikwepa duka la mzee msomeeni ukurasa huu. Sisi tuliousambaza ujumbe ule ndio tulioandika haya, na dhima ya kuyafikisha bado iko juu yetu.